Chama kinapoingia mtaa ambako hakijulikani: kazi iko kwenye kurudi

Kada wa Tawi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi unapokaribia naona matawi ya vyama yakijiandaa kuingia mitaa ambako hayana hata mwanachama mmoja, na maandalizi ni yale yale: fulana, bendera, gari la matangazo, mgombea juu ya gari, picha za kurusha mtandaoni jioni. Kesho yake mtaa uko vile vile ulivyokuwa. Nimefanya uenezi ngazi ya tawi kwa muda mrefu na kuna jambo moja ninaloliamini kabisa: mtaa mgeni haufunguki kwa ziara ya kwanza, hata iwe kubwa kiasi gani. Unafunguka mnaporudi na majibu ya yale mliyoambiwa. Kwa hiyo watu, muda na pesa vyote vipangwe kwa kuitazama ziara ya pili kwanza. Tawi lisiloweza kurudi lisiende.

Uzi utakuwa mrefu. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongeze.

Kwanza mjue mnaingia wapi. Chukueni matokeo ya uchaguzi uliopita kituo kwa kituo, msiishie kwenye jumla ya kata. Jumla inaweza kuonyesha mmeshindwa vibaya, lakini mkishuka kwenye vituo mnakuta mtaa mmoja umempa mpinzani kura nyingi, na mtaa wa jirani watu hawakujitokeza kabisa. Kura zenu ni chache kote kuwili, ila mitaa hiyo haifanani hata kidogo. Wa kwanza una chama chake. Wa pili umeshawachoka wote. Ukienda na hotuba moja kwenye mitaa yote miwili umepoteza siku.

Baada ya hapo watu wawili wauzunguke mtaa bila sare, asubuhi watu wakitoka na jioni wakirudi. Wakiulizwa wanafanya nini, waseme ukweli. Waangalie wapangaji ni wengi au wenye nyumba, lugha gani inasikika vibarazani, maji ya mvua yanapita wapi, watu wakitaka kuzungumza wanakaa wapi. Saa nayo ni habari kubwa. Timu inayogonga milango asubuhi kwenye mtaa wa wafanyakazi wa zamu ya usiku imewaamsha watu usingizini, na hapo hata mngekuwa na sera nzuri namna gani, aliyeamshwa hazisikii.

Jihadharini na dalali. Kila mtaa una mtu wa kwanza kuwakimbilia. Anajua mmekuja kabla hamjafika. Atasema yeye ndiye mtaa, watu wote wanamsikiliza, nyinyi mpeni tu "nauli ya vijana" naye atawaletea ukumbi uliojaa. Na kweli ataujaza. Tatizo ni kwamba wale wale aliwapeleka kwa chama kingine juzi, na watu msiowaona pale ukumbini ndio hasa mliowafuata. Kibaya zaidi, majirani wakishawaona naye mnahesabiwa kuwa watu wake, na ugomvi wake wote wa zamani mmeshaurithi. Msalimieni, mheshimuni, msikilizeni kama mkaazi yeyote, lakini mguu wa kwanza msiuweke nyumbani kwake. Viongozi wa mtaa waliochaguliwa wapewe taarifa kwa adabu. Taarifa ni tofauti na kuomba mtu awaongoze nyumba kwa nyumba. Mkiongozwa na kiongozi wa mtaa, mkaazi atazungumza na kiongozi wake, hatazungumza na nyinyi.

Mlangoni. Wawili wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke, na mmoja awe anazungumza lugha ya hapo vizuri. Piga hodi, rudi hatua moja nyuma ili anayefungua asijione amezibiwa njia. Taja jina lako, chama chako, na kwamba utachukua dakika chache. Usifiche chama. Kuna wanaojifanya watafiti au watu wa shirika ili wakaribishwe, na mtaa ukigundua hawasamehewi.

Kisha uliza swali moja, lile ambalo mtu hawezi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Mimi hupenda "Kitu gani hapa mtaani kimewasumbua kwa muda mrefu na hakuna aliyekishughulikia?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo makada wengi wanaposhindwa. Kada amefundishwa kujibu, akisikia neno "maji" anafungua ilani ukurasa wa maji. Mwache amalize. Mkiingia kwenye ilani kabla hajamaliza, ameshajua mlikuja kuzungumza wenyewe.

Usimuulize atampigia kura nani mbele ya mwenzi wake, mwenye nyumba wake au jirani. Hilo ni lake.

Daftari. Tunatumia daftari la kawaida lenye mistari ya kuchora kwa rula. Safu zake: tarehe, kichochoro au alama ya nyumba, tatizo kwa maneno yake mwenyewe, nani mwenye dhamana nalo, tuliahidi nini, tunarudi lini, jibu. Safu ya "nani mwenye dhamana" hujazwa ofisini baada ya kuuliza. Safu ya "tuliahidi nini" ndiyo yenye kuumiza kichwa, kwa sababu kada akichangamka mlangoni anaahidi daraja. Kanuni yetu ni moja: mlangoni hatuahidi chochote isipokuwa kuuliza na kurudi na jibu.

Nitoe mfano mmoja. Mzee mmoja aliwaonyesha vijana wetu alama ya maji kwenye ukuta wa chumba chake, imefika karibu na goti. Kila masika maji yanarudi nyuma kutoka kwenye kalavati la barabarani. Alikuwa amekwenda ofisi ya mtaa, akaambiwa ni kazi ya halmashauri. Halmashauri wakamwambia ni ya watu wa barabara. Watu wa barabara hakuwajua wako wapi. Vijana wakaandika, wakapiga picha ya kalavati (siyo ya mzee), tawi likaandika barua kwa ofisi ya barabara, nakala halmashauri. Jibu la maandishi lilikuja: kalavati ni la barabara, litaingizwa kwenye usafishaji wa kabla ya masika, upanuzi hauna bajeti. Vijana wakarudi na nakala. Mzee akaisoma, akaisoma tena, akamwita jirani wa ukuta wa pili akamsomea. Hakujiunga na chama. Alichosema ni kwamba sasa anajua aende mlango gani, na kama tunataka kuzungumza na majirani, kibaraza chake kipo.

Kibaraza kile ndicho kilichotuingiza mtaani.

---

Mkaazi

Mleta mada, nakusoma kwa makini kwa sababu mimi ni upande wa pili wa mlango. Kwetu vyama huja. Wanakuja wakiwa na haraka, wanatupiga picha na watoto wetu, wanachukua namba za simu, halafu simu zinaanza kuita usiku wakati wa kampeni. Baada ya kura kimya. Sasa hata wewe unaposema "kurudi", utarudi kwa faida ya nani? Mzee wa kalavati angekuwa hana kadi ya kupigia kura mngemwandikia barua?

---

Kada wa Tawi

Mkaazi, swali lako ni la haki na nitalijibu moja kwa moja. Ndiyo, tungemwandikia. Mlangoni hatuulizi kadi. Sisi ni chama na tunataka kura, hilo silifichi, na mtu akiniuliza ninachotaka namwambia hivyo hivyo. Lakini huwezi kuchuja shida za mtaa kwa kadi ya mpiga kura, maana maji hayachagui ukuta.

Kuhusu picha na namba za simu nakubaliana nawe kabisa. Mtoto asipigwe picha. Namba isichukuliwe ila mtu aitoe mwenyewe kwa ajili ya jibu lake, na itumike kwa hilo tu. Na jambo linalonikera zaidi: orodha zinazoandika "huyu wetu, huyu wa wale" mbele ya jina la mtu. Orodha hizo hupotea, huibiwa, huuzwa. Katika nchi ambako uchaguzi huwa na ghasia, orodha ya namna hiyo inaweza kumfikisha mtu pabaya. Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, umeweka maoni ya kisiasa kwenye kundi moja na taarifa za afya na dini, yaani taarifa zinazohitaji ulinzi wa pekee. Tawi halihitaji kusubiri sheria kama hiyo. Liandike tatizo na nyumba, liache itikadi ya mtu.

---

Mwanafunzi wa Siasa

Kada, nakuunga mkono kwenye adabu ya mlangoni, ila kwenye faida ya kisiasa tuwe wakweli. Mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman walichapisha uchambuzi wa majaribio 49 ya Marekani. Kwenye uchaguzi mkuu, makadirio yao ya wastani ni kwamba kumfuata mtu nyumbani, kumpigia simu au kumtumia barua ili abadilishe mgombea wake hakuna athari. Sifuri. Na ukimfikia mapema, athari ikionekana hufifia kabla ya siku ya kura. Sasa tawi lenye vijana wachache na viatu vilivyochakaa lijichoshe kwa sifuri?

---

Kada wa Tawi

Mkuu, asante kwa kuleta hoja yenye uzito. Uchambuzi huo naufahamu, na kila kada anapaswa kuufahamu kwa sababu unapunguza majivuno. Ila tuangalie unapima nini. Unapima kumbadilisha mtu mgombea, kwenye uchaguzi mkuu wa Marekani, ambako karibu kila mtu anajua chama chake na anavijua vyama vyote viwili. Mtaa ninaouzungumzia ni ule ambako chama hakijulikani, au watu hawapigi kura kabisa.

Kwenye kujitokeza, habari ni nyingine. Watafiti Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio New Haven, Marekani, mwaka 1998, likahusisha takriban wapiga kura 30,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kufuatwa mlangoni ana kwa ana kuliongeza waliojitokeza kwa kiasi kikubwa, barua ziliongeza kidogo, simu hazikuongeza kitu.

Halafu Ufaransa. Mwaka 2012 kampeni ya urais ya François Hollande iligonga milango milioni tano, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, mtafiti Vincent Pons aliweza kulinganisha vituo vilivyotembelewa na visivyotembelewa. Ziara hazikuongeza waliojitokeza. Ziliongeza kura za Hollande kwenye duru ya kwanza, na kwa hesabu yake zilichangia robo ya tofauti ya kura iliyompa ushindi duru ya pili. Athari iliendelea kuonekana kwenye chaguzi zilizofuata. Unaona matokeo ya Ufaransa na Marekani yanavyopishana? Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba swali la "mlango kwa mlango unafanya kazi au haufanyi" halina jibu moja. Inategemea nani anagonga, anasema nini, na aliyefungua alikuwa anajua nini kabla.

Na jaribio linalotuhusu zaidi kwenye uzi huu ni lile Pons alilofanya na Guillaume Liegey kabla ya hapo, uchaguzi wa mikoa wa Ufaransa wa 2010. Watu 23,773 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakatembelewa na wanaharakati wa chama. Ziara ziliongeza waliojitokeza miongoni mwa wahamiaji, na kwa wasio wahamiaji hazikubadili kitu. Maelezo wanayoyatoa ni kwamba wahamiaji walikuwa na taarifa chache zaidi za siasa tangu mwanzo. Kwa hiyo mtaa ambao chama kinauruka kwa kisingizio kwamba "wale hawapigi kura" huenda ndio ambao hodi ina thamani.

Hoja ya athari kufifia naikubali. Ndiyo maana nasema kurudi.

---

Mwanafunzi wa Siasa

Nimekuelewa. Ila bado nashikilia kwamba wengi wanaokwenda kwenye mitaa wanataka kubadilisha watu mawazo, na hilo dakika chache haziwezi.

---

Kada wa Tawi

Mara nyingi haziwezi, kweli. Kuna hali moja ya pekee ninayoiheshimu kwa sababu ya historia yake. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai mazungumzo mafupi mlangoni hubadilisha misimamo ya watu kwa muda mrefu. Mwaka 2015 ukafutwa baada ya kubainika data zake si za kweli, na waliobaini ni pamoja na hao hao Broockman na Kalla uliowataja. Wao wakaenda kulifanya jaribio kweli, kusini mwa Florida, kuhusu chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Wagonga milango 56, wapiga kura 501 waliozungumza nao, mazungumzo ya takriban dakika kumi. Chuki ilipungua, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwa imepungua. Wakachapisha 2016.

Cha maana ni namna ya mazungumzo yale. Mgonga mlango hakutoa hoja moja baada ya nyingine. Aliuliza, akasikiliza bila kuhukumu, akamwomba mwenyeji akumbuke wakati alipotazamwa vibaya kwa kuwa tofauti, naye akasimulia yake. Mwaka 2020 walipolijaribu tena kwa namna mbalimbali, mazungumzo ambayo kubadilishana visa kuliondolewa, zikabaki hoja tupu, hayakuonyesha athari. Kwa kada aliyefundishwa kubishana, hilo ni somo gumu kulimeza. Lakini lipo.

---

Mama Mjumbe

Nichangie kama mwanamke ninayefanya kazi hii. Jambo ambalo makada wanaume hawalioni ni kwamba mwanamke akifungua mlango mara nyingi anasema "baba hayupo, njooni jioni". Wao wanaandika "hayupo" na kuondoka. Mtu yupo! Amesimama mbele yako, na yeye ndiye anayejua maji yanatoka siku gani na zahanati inafungwa saa ngapi. Mimi humwambia, "Dada, nimekuja kwako." Wengine hustuka. Baada ya hapo daftari linajaa.

La pili, akina mama hawazungumzi mlangoni kama wanavyozungumza wakiwa sita. Ukiwapata wanne wa kwanza, omba mmoja awakusanye wenzake kwake, wachache tu. Hapo ndipo utakaposikia mambo ambayo mkutano wa hadhara hauwezi kuyatoa.

---

Kada wa Tawi

Mama Mjumbe, shikamoo, na asante. Neno "hayupo" kwenye daftari letu tutaliondoa kama linafanya kazi ya kuwafuta watu waliopo.

Hicho cha mikutano ya sebuleni kina historia nzuri ambayo kila tawi changa lingeijua lisingekata tamaa. Los Angeles mwaka 1947, Edward Roybal aligombea udiwani wa jiji akashindwa. Yeye na wenzake, pamoja na mratibu aliyeitwa Fred Ross, hawakufunga ofisi wakasubiri uchaguzi ujao. Walijenga chama cha wakaazi, Community Service Organization, kwa mikutano midogo nyumbani kwa watu: mwenyeji mmoja anawaalika majirani na jamaa, wanazungumza shida za mtaa, na kabla ya kuondoka wanatafutwa wengine watakaoalika nyumbani kwao. Waliandikisha maelfu ya wapiga kura wapya katika mitaa ya watu wenye asili ya Mexico ambayo vyama vilikuwa havina habari nayo. Mwaka 1949 Roybal aligombea tena akashinda. Angalia miaka hiyo miwili ilitumika wapi. Ilitumika sebuleni.

Na kuanza na akina mama kuna sababu nyingine, yenye ushahidi Afrika. Uchaguzi wa rais wa Benin, 2001: mtafiti Leonard Wantchekon alishirikiana na vyama vyenyewe. Katika vijiji fulani wagombea walipeleka ujumbe wa "nikishinda nitawaletea nyinyi wa hapa", katika vingine ujumbe wa sera za taifa zima. Ujumbe wa kuwagawia wa hapa ulifanya kazi kwa wagombea wa kila aina, na hilo ni la kusikitisha kwa sisi tunaopenda sera. Lakini wanawake walielekea kupenda sera za manufaa ya wote kuliko wanaume. Anayekwenda mtaa mgeni bila pesa za kugawa, mwenye hoja tu, asianze na kijiwe cha wanaume. Aanze alikoelekeza Mama Mjumbe.

---

Mwenezi Kijana

Wakuu, mimi ndiyo nimeteuliwa mwenezi wa tawi letu. Tuna mtaa mmoja mkubwa ambao ni ngome ya chama kingine, bendera zao kila kona. Wazee wetu wanasema tusikanyage kule, vijana wetu wanasema twende wengi kwa maandamano tuwaonyeshe. Mnanishauri nini?

---

Kada wa Tawi

Mdogo wangu, maandamano kwenye ngome ya wenzako ni kuomba ugomvi, na ugomvi ukitokea wenye mtaa watakumbuka nyinyi ndio mliokuja. Wazee wako nao wakikaa mbali miaka yote, mtaa ule utakuwa wa wenzenu hata wakiutawala vibaya.

Nenda na watu wachache. Toa taarifa kwa wanaohusika na usalama kama sheria ya kwenu inavyotaka. Tafuteni watu wenu waliomo mle mle: kila ngome ina wanaofikiri tofauti na kunyamaza. Msiwatangaze. Usiende na bendera, usiweke bango juu ya bango la wenzako, na usiseme neno baya dhidi ya kiongozi wao mlangoni kwa mtu, kwa sababu unamwambia mwenyeji kwamba alichagua kijinga. Kama chama kile ndicho chenye diwani, una faida moja kubwa: kero zote zilizoandikwa kwenye daftari lako ni kazi ambazo yeye hajazimaliza. Huna haja ya kulisema hilo. Mwenye mlango analijua.

Na mkifukuzwa, mwondoke kwa heshima, mrudi siku nyingine kwa mtu mwingine. Mkipigwa, mripoti, msilipize. Usalama wa vijana wako ni kitu cha kwanza kuliko kura yoyote. Timu iwe na mtu mmoja anayejua muda wote nani yuko kichochoro gani, na ikifika magharibi watu wote wawe wameshatoka.

---

Mkaazi

Nimefurahi kwamba nimejibiwa bila kuzungushwa. Swali langu la mwisho: mnapokosa jibu mnafanyaje? Maana kwetu shida nyingi hazina jibu. Umiliki wa viwanja tumeuulizia tangu wazazi wetu.

---

Kada wa Tawi

Mnarudi hivyo hivyo. Hapa ndipo matawi mengi hukatika, kwa sababu wanaona aibu kurudi mikono mitupu. Mkaazi anaijua shida yake kuliko nyinyi, hategemei muujiza wenu. Anachotaka kujua ni kama mlikwenda kweli. Mwambieni: tulikwenda ofisi fulani, tukaonana na ofisa wa idara fulani, akasema hivi, karatasi ni hii. Kama hawakuwapokea, semeni hawakuwapokea. Jambo la viwanja halimalizwi na barua ya tawi, linahitaji wakaazi wengi kwa pamoja, wenye nyaraka, na pengine mwanasheria. Mkiona mambo ya namna hiyo yanajirudia nyumba hadi nyumba, acheni milango, itisheni kikao cha wanaohusika na wao wachague wawakilishi wao. Chama kisaidie kuandika na kufuatilia. Asiyekuwa mwanachama wenu akichaguliwa kuongoza kamati hiyo, mwacheni aongoze. Hili hushindwa kwa sababu kila tawi linataka mtu wake awe mbele, na kamati inakufa ndani ya muda mfupi.

Benin tena ina la kutufundisha hapa. Kwenye uchaguzi wa 2006, Wantchekon na Thomas Fujiwara walifuatilia vijiji ambako wagombea, badala ya mikutano ya shangwe na kugawa, waliitisha vikao vya wanakijiji kujadili sera. Siasa ya kugawa ilipungua, na waliojitokeza kupiga kura hawakupungua. Kwa hiyo mtu akikuambia bila kugawa kitu mtaa hautakuja, mwambie kuna mahali pamejaribiwa.

---

Mwanafunzi wa Siasa

Kuna chama kilichowahi kuifanya hii iwe kazi ya mwaka mzima, tuache majaribio ya watafiti?

---

Kada wa Tawi

Vipo. TANU miaka ya 1960 ilijipanga kwa mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake, kwa hiyo chama kilikuwa na mtu wa kupokea kero jirani kabisa na mlango wa mtu. Faida yake ilikuwa ukaribu. Hatari yake pia ilikuwa ukaribu huo huo: mtu anayepokea kero ndiye anayepeleka habari zako juu, na chama kikiwa kimoja huna pengine pa kusemea. Kwa hiyo naipenda nusu yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa chama cha Liberal cha Uingereza. Mwaka 1970, kwenye mkutano wao mkuu Eastbourne, walipitisha azimio la kufanya siasa za jamii: kufanya kazi na wakaazi mitaani mwaka mzima, ndani na nje ya mabaraza. Liverpool walikuwa wameshaanza, Trevor Jones akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Silaha yao ilikuwa karatasi moja iliyoitwa Focus, inaingizwa mlangoni mara kwa mara, uchaguzi uwepo usiwepo, inaeleza njia ya waenda kwa miguu iliyobomoka imefikia wapi, taa ya barabarani imeulizwa kwa nani. Mwaka 1973 wakawa chama kikubwa zaidi kwenye baraza la jiji la Liverpool. Wapinzani wao waliwacheka kwamba wanafanya siasa za mashimo ya barabarani. Mimi sioni la kuchekesha. Shimo la barabarani ndilo ambalo mtu analikanyaga kila asubuhi.

Waliozitumia mbinu hizi baadaye kwa kuahidi kila mtaa linalopingana na mtaa wa pili waliziharibia jina. Daftari moja kwa kata nzima huzuia hilo, kwa sababu ahadi zote zimo kwenye kurasa zinazofuatana na katibu anaziona.

---

Mwenezi Kijana

Mkuu, kuhusu daftari nina swali la utekelezaji. Tukishindwa uchaguzi, vijana watakuwa wametawanyika, ofisi labda tumeirudisha kwa mwenye nyumba. Daftari linabaki na madai yaliyo wazi. Tunalifanyaje?

---

Kada wa Tawi

Kabla ya siku ya kura, teueni watu wawili ambao si wagombea wa chochote, wanaoishi karibu na mtaa huo, wakabidhiwe daftari kwa maandishi na muhtasari wa kikao uingie kwenye kumbukumbu za tawi. Wiki ya kwanza baada ya matokeo wapite kwenye nyumba zote zenye madai yaliyo wazi. Wasizungumze habari za matokeo wala kulaumu mtu. Waseme lipi bado linafuatiliwa, lipi limegota, na wao wanapatikana wapi. Yale ambayo sasa yako mikononi mwa diwani aliyeshinda, wamwandikie yeye na wampe mkaazi nakala. Akiyatatua diwani wa chama kingine, rudini mkamwambie mkaazi kwamba yametatuliwa na nani, kwa jina lake.

Kurasa zenye majina na namba za simu ambazo hazihusiani tena na dai lolote zichanwe na kuchomwa, katibu akiwepo. Zilizobaki zifungwe kwenye kabati lenye ufunguo nyumbani kwa mmoja wa hao wawili, asikae nazo mgombea. Na kama ofisi imerudishwa, andikeni mlangoni pake namba ya mtu wa kupigiwa, maana kuna mtu atakuja.